Mstari Uliopinda

Mstari wa mjiolojia kwenye ramani ulikuwa umepinda, na kila mtu kambini aliuona. Wiki ya kwanza ulikwenda vizuri kutoka ziwani kuelekea mlimani, ukitenganisha mwamba mwekundu mkongwe na mawe ya mchanga yaliyolala juu yake. Wiki ya pili ukaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Mkuu wa kambi, mzee mpole waliyemwita Nyundo, aliikunjua ramani kwenye meza ya kulia chakula, akaitazama kwa muda mrefu. Ndege ingewafuata siku hiyo hiyo saa kumi jioni. Bonde lile la kaskazini walilokuwa wakilipima halikuwa na barabara, na hakuna ambaye angerudi huko hivi karibuni. Alisema mstari usiponyooka, kipande kile cha ramani kitachapishwa kitupu.

"Kitupu kabisa?" aliuliza mjiolojia.

"Cheupe kama sahani, binti yangu. Afadhali tukiri hatujui kuliko tuwadanganye watu."

Miaka miwili mjiolojia alikuwa ameomba apewe kipande hicho. Akachukua dira yake.

Sheria ya kambi ilikuwa kwamba hakuna anayetoka peke yake. Wenzake walikuwa wanafunga mizigo, kwa hiyo mpishi, ambaye wote walimwita Shangazi, alifunika sufuria zake, akavaa buti na kubeba chupa ya chai. Ndivyo alivyokuwa. Ukikohoa asubuhi, mchana unakuta tangawizi kikombeni. Hata mkoba wa ramani, mwishoni mwa wiki ya kwanza, alipoona binti anahangaika kuufunga kwa vidole vilivyokufa ganzi, aliuchukua bila kuombwa. Kesho yake aliurudisha ukiwa unajifunga wenyewe, tap.

Walipofika kwenye jabali la kwanza, mjiolojia aliiweka nyundo yake mbali, hatua kumi, kama alivyofundishwa, maana chuma huipotosha dira. Akalaza mkoba juu ya mwamba, akaweka dira pembeni yake. Namba ya mwelekeo ikawa ile ile mbovu.

Shangazi alikuwa akitafuta mahali pa kuweka vikombe, akauinua mkoba.

Sindano ya dira ikageuka taratibu, kama mtu aliyesikia anaitwa.

Mjiolojia akamwomba aurudishe mkoba. Sindano ikarudi. Auondoe tena. Ikaondoka.

"Shangazi, mkoba huu uliushonea nini?"

"Sumaku mbili za kabati la jikoni. Kwani zimelegea?"

"Hazijalegea hata kidogo," alisema mjiolojia, na ilikuwa kweli. Kumbe kila siku alikuwa akiitenga nyundo kwa uangalifu mkubwa, halafu anaegemeza dira kwenye sumaku. Hakuwahi kujiuliza mkoba unajifungaje. Alikuwa ameshukuru tu.

Yalibaki majabali tisa na muda wa saa tano. Wakaenda mbio. Mkoba ulipelekwa kando kila mahali, na Shangazi alipouliza kwa nini unafukuzwa, aliambiwa kwamba dira haipendi wageni. Akautupia mkoba jicho, akashika kalamu. Binti alitaja namba, mpishi akaziandika kubwa kubwa kama orodha ya sokoni, na kila namba ilivuta mstari mahali pake. Chai ilipoa na hakuna aliyeikumbuka.

Jabali la mwisho lilipopimwa, mstari ulinyooka ukaelekea kwenye kijibonde chenye zulia la kuvumwani linalofunika mawe, mahali ambapo mjiolojia hakuwa ametazama kamwe. Kama ni kweli, miamba miwili ilikutana pale pale. Wakapiga magoti, wakalifunua zulia kwa mikono. Kwanza yakatokea mawe ya mchanga. Kisha, ndani yake, kokoto nyekundu kubwa kama mayai, zimesongamana. Na chini ya kokoto, mwamba mwekundu wenyewe.

"Weka mkono hapa, Shangazi. Kidole gumba kiko kwenye mwamba mkongwe. Hivyo vingine viko kwenye mchanga uliokuja baadaye sana."

"Baadaye kiasi gani?"

"Hata tukianza kuhesabu leo, tutafia njiani."

"Basi tusihesabu. Tuna ndege."

Lakini hakuondoa mkono wake.

Kambini, Nyundo alizipitia namba moja moja, akauliza kosa lilikuwa wapi. Mjiolojia alisema ni lake, aliweka dira karibu na chuma, kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hakusema zaidi.

Shangazi alisimama mlangoni mwa hema na mwiko wake. "Chuma chenyewe nilikishona mimi," alisema. "Usimwache abebe peke yake."

Nyundo aliwatazama wote wawili, kisha akacheka hadi akavua miwani na kuifuta. Akafungua kalamu ya wino, akampa binti auchore mstari mwenyewe.

Ndege ilipotua ziwani, sumaku zilikuwa zimesharudi kwenye kabati, nalo kabati limefungwa pamoja na mizigo. Mkoba ulikuwa na kifungo cha mti, kikubwa, cha kushikika hata kwa vidole vya ganzi. Na mwiko wa Shangazi ulikuwa umepungukiwa na ncha ya mpini.