Rangi ya Kuku wa Mwalimu

Kabati la vioo lilikuwa liletwe Jumamosi saa nne asubuhi, na mahali pake palishapimwa: pale pale ilipokaa meza ya Mama Bisibisi. Mwanawe ndiye aliyepima. Alikuja na futi, akapima urefu, akapima upana, akapiga mstari wa chaki sakafuni kuizunguka meza, mama mwenyewe ameketi hapo hapo na chuma cha kulehemu mkononi. Polisi hupiga chaki mtu akishakufa. Huyu bado alikuwa anapumua, tena kwa hasira.

Chumba kilikuwa kimoja, kimeelekea barabarani. Mbele mwana aliuza vifuniko vya simu na chaja. Nyuma, chini ya dirisha, mama alitengeneza redio, televisheni na chochote chenye waya, mwaka wa thelathini na nane sasa. Mwana hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Ila wiki hiyo alikuwa na lake moyoni, na hakulimumunya.

"Mama, macho yako yamekwisha. Mwezi uliopita ulifunga waya wa buluu mahali pa mweusi, redio ya watu ikatoa moshi. Pumzika sasa."

Mama Bisibisi alikana. Alikana kwa sauti kubwa kwa sababu ilikuwa kweli. Mwaka mzima sasa buluu ilikuwa imemkimbia. Kila kitu cha buluu kilimjia kama majivu, kana kwamba anaitazama dunia kupitia glasi ya chai. Vile vidude vya ndani ya redio vyenye mistari ya rangi hakuvisoma tena, alivipima kwa mita. Waya alizibandikia vikaratasi, akasema ni mtindo mpya wa kazi. Kuficha huko kulimchosha kuliko kazi yenyewe, lakini aliapa moyoni kwamba hatatolewa kwenye meza yake kama redio mbovu.

Jumatano aliingia mwalimu mstaafu, amekumbatia kompyuta ya zamani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Ilikuwa ile aina ambayo kibodi na mashine ni mwili mmoja, na kioo chake ni televisheni ya nyumbani. Mfukoni alikuwa na kanda ya kaseti. Ndani ya kanda hiyo kulikuwa na picha ya kuku, iliyochorwa na marehemu mkewe likizo nzima, nukta kwa nukta. Kuku mmoja, wa rangi moja, kwenye weusi mtupu.

"Rangi zimepotoka," mwalimu alisema. "Sasa anatoka zambarau. Siye yeye."

"Kwani mwenyewe ni wa rangi gani?"

Mwalimu akatikisa kichwa. "Sisemi. Fundi wa kwanza nilimwambia, akawa anaikokota rangi mpaka nikasema ndiyo ili niende zangu. Nimefika nyumbani, moyo umekataa. Wewe ninyooshee mashine tu, Mama. Ikinyooka, kuku wangu nitamjua. Nitakuja Jumamosi saa nne."

Alipoiacha mashine na kanda, akatoka, mwana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kazi ya rangi, amepewa nani! Mama Bisibisi akashika kiuno.

"Hukicheki bure hicho kicheko," alisema. "Tukubaliane. Nikiinyoosha, meza yangu haiguswi. Nikishindwa, ingiza kabati lako."

"Kweli, mama?"

"Kula kiapo."

Mwana akaapa, haraka, kama mtu anayeogopa mwenzake asije akabadili nia.

Ijumaa mchana mama alitoka kununua risasi ya kulehemu. Aliporudi alimkuta mwanawe kwenye kiti chake, mashine imefunguliwa, bisibisi mkononi, uso umejaa ushindi. Kwenye televisheni alisimama kuku.

"Wa kahawia, mama. Kuku hasa. Dakika mbili tu, na macho mazima."

"Umeiwasha saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Ikiwa baridi hivyo? Ngoja ipate joto uone atakavyogeuka. Na nani kakuambia kuku huyu ni wa kahawia?"

"Mama, ni kuku!"

"Ondoka kwenye kiti changu."

Jumamosi saa tatu asubuhi Mama Bisibisi aliiwasha mashine, akaiacha. Alifagia, akafuta vumbi la dirisha, akaukanyaga mstari wa chaki makusudi, mara tatu. Nusu saa ilipopita na kifuniko kikawa vuguvugu, aliketi, akaandika mistari minne ya maagizo kwenye kibodi. Mwanawe, ambaye alikuwa akijifanya anapanga vifuniko vya simu, alisogea.

Kwenye televisheni zilitokea pande mbili za rangi zilizogusana, na katikati yake mpaka.

Mashine za aina ile huhesabu rangi zake kumi na tano, kuanzia ya kwanza, zikizunguka hadi kurudi zilikoanzia. Ikiwa sawa, ya kwanza na ya kumi na tano ni rangi moja. Ikipotoka, ni mbili. Ndani, karibu na kona, kuna skrubu ndogo kuliko punje ya mchele inayozipeleka mbele au nyuma. Mama Bisibisi alilijua hilo tangu siku ambazo mashine hizo zilikuwa mpya na mafundi wengine wakiziogopa. Ziwe ni rangi gani hakujua, wala hakutaka kujua. Alichotafuta ni mpaka. Jicho lake la chai lilikuwa linazichafua pande zote mbili sawasawa, na mpaka ama upo ama haupo.

Alifungua kifuniko, akachukua bisibisi aliyoichonga mwenyewe kutokana na sindano ya plastiki ya kufumia, akaigusa skrubu. Mpaka ukanona. Akarudi upande wa pili. Ukafifia. Akashusha pumzi, akasogeza kwa unywele. Pande mbili zikawa upande mmoja, mpaka hauonekani hata ukiutafuta.

"Leta kanda."

Kaseti ililia kwa mlio wake mkali kwa dakika nzima. Kuku akajichora kutoka juu, kishungi, shingo, mgongo, mkia. Mbele ya mama akasimama kuku wa majivu. Nyuma yake mwana akapiga makofi.

"Mama! Kuku wa buluu! Umemwona wapi kuku wa buluu?"

Buluu! Katika rangi zote za duniani, hiyo hiyo. Mkono wa Mama Bisibisi ulibaki juu ya skrubu. Angeweza kumwambia mwanawe, hebu niambie nisimame akiwa wa kahawia, na robo mzunguko ungetosha. Kila mtu angeridhika. Nje, wabebaji wawili walikwisha kufika na kabati, wamelitua kwenye kizingiti, wanafuta jasho.

Aliiweka bisibisi mezani.

"Basi ni wa buluu," alisema.

"Mama, rudisha kidogo. Nakuonea huruma."

"Huruma yako kaa nayo. Mashine iko sawa. Nikiigusa tena nitakuwa nimekupendeza wewe na kumdanganya mwenye kuku. Mwenyewe akimkataa, kabati liingie na mimi nitoke. Lakini skrubu hii siigusi."

Mwalimu aliingia kwa ubavu, akijibana kati ya kabati na mlango. Mwana alimwamkia shikamoo, lakini mwalimu hakusikia. Alikuwa ameona televisheni. Alivua kofia, akasogea mpaka karibu na kioo. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Mke wangu walimwambia hakuna kuku wa buluu," alisema. "Dada zake, mimi, wote tulimcheka. Akatujibu, sasa yupo."

Akalia, na hakujificha. Mama Bisibisi alimpa kitambaa kile kile cha kufutia vumbi. Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye mdomo wake ulikuwa wazi.

"Nikuambie kitu mbele ya mgeni, nisije nikakikana kesho. Hiyo buluu mimi siioni. Mwaka mzima siioni."

"Sasa umeijuaje?"

"Sikuijua. Nimeijua kazi." Akaanza kurudisha kifuniko cha mashine. "Jumatatu nitakwenda kwa daktari wa macho, kwa miguu yangu, siyo kwa kukokotwa. Na nikirudi nitaketi hapa. Ni buluu ya namna gani?"

Mwana alitazama televisheni, akatazama chaki iliyofutika nusu miguuni mwake.

"Kama sweta langu la shule," alisema. "Lile ulilonifumia."

Mama Bisibisi aliokota bisibisi yake ya sindano, akaigeuzageuza vidoleni.

"Basi ni buluu nzuri," alisema. "Haya, waambie hao watu waliondoe kabati lao mlangoni. Linanizibia mwanga."