Kishimo Alichokisugua Tata Mwenze

Kipande cha chuma si kitu cha kumliza mtu mzima, lakini Jumatatu ile Domitille alikaa mbele ya kimoja huku machozi yakimlenga. Kilikuwa cha mviringo, cha kuenea kiganjani, uso wake umesuguliwa hadi mtu anajiona. Fundi mzee, Tata Mwenze, ndiye aliyekitengeneza: alikichoma tanuruni, akakitumbukiza kwenye mafuta, akakipasha tena polepole, akakisugua. Kazi ya Domitille ilikuwa kukihakiki. Vipande vya karakana yao ya Manika hupelekwa kwa mafundi wa migodini, wajue kama mashine zao za kupima ugumu wa vyuma zinasema kweli. Kipande kikidanganya, mashine nayo itapotoka.

Alikuwa amekandamiza ncha ya mashine sehemu tano, kila mara ikiacha kishimo kidogo. Namba nne zilipishana kwa nukta moja tu, yaani sehemu ya kumi ya pointi. Ya tano iliruka juu pointi nzima.

Vitatu vya kabla yake vilikwisha kukataliwa kwa kosa hilohilo. Bosi wao, Hénock, alikuwa ameapa kwamba kama hatapata kipande kizuri hadi Ijumaa, ataagiza vya nje, na Tata Mwenze arudi nyumbani. Hénock hakuwa mtu mbaya; alikuwa na haraka tu ya mtu ambaye hajawahi kusugua chuma. Nyumbani kwenyewe kulikuwa na nini? Tangu Mama Kapinga, mke wa mzee, azikwe mwaka jana, ile meza ya kazi ndiyo iliyomwamsha asubuhi.

Tena ni mzee huyo aliyemfundisha Domitille kushika kalamu hii hii. Kubadili namba moja tu, nani angejua? Aliisogeza kalamu, akaiweka chini. Akakiinamisha kipande chini ya lenzi. Hakuona kitu, na hapo ndipo akili ilipomjia. Chuma kilichokandamizwa hubaki kigumu zaidi pale pale, hata kishimo kikisuguliwa kikatoweka.

Akamwita mzee.

“Tata, ulipima hii kipande mbele ya kunipatia?”

Mzee akatazama viatu vyake. Njia ya mwongo ni fupi, hata kwa mwongo mpole kama huyu.

“Nilipima mara moja tu, mutoto yangu. Kisha nikasugua ile alama.”

“Na bile bipande bitatu bilikataliwa?”

“Byote. Mi siamini tena hii mikono. Tangu mama alienda, naona kama inanidanganya.”

Domitille alitamani kumkumbatia na kumgombeza kwa wakati mmoja. Fundi wa miaka thelathini, aliyewakataza wanafunzi wote wasiuguse uso wa kipande kabla ya uhakiki, alikuwa akiharibu kazi yake nzuri kwa hofu!

“Mi nakikataa, Tata,” alisema. Akaandika *kimekataliwa*, mzee akiangalia. “Tengeneza ingine. Usiipime. Uniletee vile inatoka.”

Siku tatu mzee alizunguka mashine ya kupima kama inamdai. Alifika mlangoni pa chumba cha mashine, akarudi. Alhamisi mchana alileta kipande kimefungwa kwenye kitambaa, akasimama nyuma ya kiti cha Domitille akipumua kwa nguvu.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Domitille mwenyewe alikuwa ameacha kupumua alipokandamiza ya tano.

“Zote ni sawasawa, Tata. Ni nukta moja tu inapishana.”

Mzee hakucheka. Alimshika bega, akamgeuza, akamkazia macho kama anayemtafuta mtoto aliyeficha kitu.

“Domitille. Unanionea huruma?”

“Jumatatu nilikuonea huruma sana, Tata,” alisema, “na nilikukatalia.”

Tata Mwenze aliileta mikono yake miwili mbele ya uso, akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia bila kujificha.