Moteri ya Saa Mia Sita

Salomon alijivunia moteri ya avio yake kupita kiasi. "Imeruka saa mia sita tu," aliambia kila mutu pale kiwanja cha ndege Butembo. "Mpaka elfu mbili, hapana kuifungua."

Phinées, fundi wake, alikuwa amepasua filtre, ile chujio ya mafuta, na kupitisha sumaku juu yake. Vipande vidogo vya chuma vikarukia sumaku, vitatu, vinane, kisha akaacha kuhesabu. Moteri ilikuwa inajikula ndani.

Vita ndiyo ilileta mambo. Basoda balifunga kiwanja miezi tano, avio ikalala chini ya bâche, ile turubai, mvua yote. Kila asubuhi Phinées alitoka kwake Mususa kwa miguu, akazungusha elisi, ile panga ya mbele, kwa mikono mara kumi, eti moteri isisahau kazi. Batu balimusifu sana. Kumbe, maskini, alikuwa anapangusa mafuta yenye kukinga chuma, na kutu ikajiingilia ndani kwa raha zake. Kitabu cha moteri kilikataza. Ukurasa ule aliusoma juzi tu.

Sasa asiposinye kwamba moteri iko muzima, avio haiendi Beni kuchukua karatasi za examen d'État, mutihani wa kumaliza sekondari. Barabara imejaa batu ya bunduki, donc kwa njia ingine hazitafika. Na Elsa, binti ya Phinées, finaliste wa mwaka wa mwisho, alikuwa amekaa pale mlangoni pa hangari na madaftari magotini, akingoja mwaka wake usipotee.

Safari moja tu, Phinées alijiambia, dakika makumi mbili, nani atajua? Aliona haya kwa kuwaza vile.

"Patron, sisinye. Moteri ifunguliwe. Na ni mie niliiharibu, na ile kuzungusha yangu."

Salomon alitazama sumaku. Alitukana kwa Lingala, akamalizia kwa Kinande, akaenda kwenye phonie, ile redio ya kuitana na Beni. Phinées alianza kukusanya vyombo vyake, maana kazi yake pale ilikuwa imekwisha, hilo alilijua.

Salomon alikawia, kisha akarudi. "Beni banasema avio ya misheni italeta karatasi siku ya ine. Examen imesogezwa mbele."

"Mungu asifiwe," Elsa akasema. "Hata zile maths hazijaniingia bado."

"Na moteri, Patron?" Phinées akauliza kwa sauti ndogo. "Utaita fundi wa Kampala?"

"Wa nini? Yule wa Kampala akiharibu, ataniambia?" Salomon akakunja mikono ya shati. "Lete fungulo. Tuanze kuifungua."