Sikusindikizi, Elizabeth

Homa yenyewe iliondoka. Daktari wa mjini alisema ni virusi, itapita, na kweli ikapita. Kilichobaki ni uchovu, na si ule wa kutoka shamba, ambao ukinywa uji unakuachia. Huu, nikichota ndoo moja tu ya maji, dunia inarudi nyuma, sauti za kuku zinatoka mbali, na ukungu wa mlima Meru unaingia mpaka kichwani. Nikawa nalala mchana kweupe, mimi Elinipa, kama paka wa jikoni!

Kila nilipolala nilimwota marehemu mama yangu. Anapita migombani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mimi nyuma yake. Namwita, hageuki. Maua ya kahawa yananidondokea mabegani, miguu inakuwa mizito, na yeye anazidi kufifia kwenye ukungu. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Ningevumilia, ila binti yangu Magreth alikuwa mjamzito, uzazi wa kwanza, na tulishakubaliana atakuja kwangu Olmotonyi nimlee kwa mtori, supu yetu ya ndizi ya waliojifungua. Mama mkwe wake wa Nduruma akatuma salamu zenye mwiba ndani: "Kama mama Magreth hajiwezi, mzazi aje huku." Hajiwezi! Neno hilo liliniuma kuliko sindano zote. Nikamlilia Mungu anipe nguvu za sufuria moja tu, nimlishe mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Hospitali wakanipeleka kwa Ummy, msichana wa Lemara, mtaalamu wa tiba kazi. Nilidhani atanipa vidonge. Akaniuliza naoshaje vyombo.

"Binti, nimepanda gari kutoka mlimani kuja kuulizwa vyombo?"

Akacheka. Akanieleza kwamba nguvu zangu sasa ni chache, nizigawe. Nipumzike kabla sijachoka, si baada. Nioshe vyombo nimekaa, niponde mtori nimekaa, na asubuhi nijilaze kidogo katikati ya kazi. Habari ya kugawa niliielewa upesi, maana sisi tumekulia maji ya mfereji: zamu yako ikiisha unafungiwa, hata kama mahindi yako yamekunja majani. Lakini kulala asubuhi! Huku kwetu mwanamke akilala asubuhi, jirani anauliza nani amefariki.

Nikafanya yote, kwa kununa lakini nikafanya. Na bado kila jioni nilikuwa nimekwisha kabisa. Nikampigia simu nikamwambia tiba yake ni ya watu wa vitabuni. Hakukasirika.

"Nitakuja huko nyumbani nione, mama," akasema.

Akaja asubuhi, akakaa kwenye benchi kimya. Mara akaingia Elizabeth, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, na chana la ndizi, kunipa pole. Nikainuka, nikachemsha chai, tukaongea, nikamsindikiza. Kwetu mgeni hasindikizwi mpaka mlangoni tu, huko ni kumfukuza. Unampeleka barabarani, mnasimama, mnaanza maongezi upya, naye anakurudisha kidogo, unampeleka tena. Kurudi, nikawakuta akina mama wa kwaya wananisubiri na maombi. Chai tena, barabarani tena. Nilirudi nikijishikilia kwenye mibuni, na Ummy akanidaka kabla sijaanguka.

"Wanakuja kila siku?"

"Kila siku. Wananipenda."

"Na mimi nilikuuliza kazi zako zote, mama. Mbona hii hukunitajia?"

"Kazi? Hii siyo kazi, hii ni adabu!"

"Mwili wako hauzitofautishi, mama yangu," akasema taratibu, akinipepea na kitenge.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Wangu walikuwa wananizika, na chai ya matanga nawachemshia mwenyewe! Nikacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli.

Ummy hakunikataza wageni. Alisema chai ikae kwenye chupa, wajimiminie, na mimi nichague mahali pa kuishia. Nikachagua masale, mimea ya mpaka iliyozunguka uwanja wetu. Siku mbaya, niishie kitini. Nikawa naagana na watu hapo, macho chini kwa aibu, bila kusema sababu.

Elizabeth alinuna. Watu wakaniletea maneno: "Anasema umeanza maringo ya mjini." Iliniuma sana, maana tumeolewa msimu mmoja na tumebeba kuni pamoja miaka yote. Lakini nikashikilia. Pole pole ukungu ukaanza kupungua kichwani, na Magreth alipojifungua mtoto wa kike, nilikuwa naweza kupika sufuria moja bila kuanguka. Akaja kwangu. Nduruma wakatuma maziwa mgando, wakanyamaza.

Jumamosi moja nyumba ikajaa watu wa kumwona mtoto. Manyunyu yalikuwa yanashuka kutoka msituni, kila kitu cheupe, hata sauti zilikuwa laini. Wakaondoka mmoja mmoja. Elizabeth akabaki wa mwisho, akasimama, akajifunga kanga upya, akanitazama. Nilijua anasubiri nini. Chumbani Magreth akaita, "Mama, njaa," na mtori ulikuwa bado jikoni haujapondwa. Nikasikiliza miguu yangu. Ilikuwa imebaki zamu ya jambo moja.

"Elizabeth, sikusindikizi," nikasema. "Nakupenda, dada yangu. Ila nguvu iliyobaki ni ya mtori wa Magreth. Nikikufikisha barabarani, mwanangu atashinda njaa."

Akatoka. Nikamwona dirishani, kanga yake inafifia kwenye ukungu, hageuki, vilevile kama mama kwenye ndoto. Nikajua nimempoteza.

Alipofika kwenye masale akasimama. Akakaa hapo kitambo, akitikisa kichwa kama anayeongea na mtu. Kisha akageuka, akarudi mpaka mlangoni.

"Haya, nimejisindikiza," akasema. "Nimeagana na mimi mwenyewe pale kwenye masale. Sasa nimekuja kukusindikiza wewe jikoni. Mbona hukusema mapema, mwanamke wewe? Tungekuua huku tunakuombea!"

Akanishika mkono. Jikoni ni hatua chache tu uani, lakini tulikwenda kwa heshima zote. Katikati tukasimama chini ya migomba inayodondosha maji, tukaanza maongezi upya, tukaendelea. Akaniwekea kigoda, akaipua sufuria, akaishusha chini mbele yangu. Halafu akataka kuchukua na mwiko.

"Thubutu!" nikamwambia. "Huo ni wangu."

Nikaponda nimekaa, pole pole, na mvuke ukinipanda usoni. Elizabeth akapeleka bakuli. Nikamsikia Magreth kule ndani anapuliza, anakunywa, anasema, "Mama, niongezee." Nikampakulia mwenyewe, bakuli likajaa.

Nikasinzia palepale kwenye kigoda, mwiko mkononi. Mama alikuwa migombani. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona amekaa mchana. Safari hii alikuwa ameutua mzigo wa majani, amekaa juu yake, ananisubiri.