Mtu Asiguse Kitu

Upepo ulipoezua nyumba ya mzee Wekoye kule Bumula, mkamwana wake Edah alikuwa dukani kwake Kitale akimpimia mteja dawa ya kupe. Aliyempigia simu alikuwa Dancan, jirani wa mzee. Alisema mvua ya mawe ilitangulia, kisha upepo ukaingia chini ya mabati na kuyanyanyua pamoja na mbao zake. Nusu ya paa ilikuwa imelala katika mahindi yake Dancan. Mzee alikuwa zizini, hakuumia.

Edah alishusha pumzi. Halafu alihisi kitu ambacho baadaye kilimwia vigumu kukikumbuka bila aibu: alihisi furaha kidogo. Ile nyumba ilikuwa na bima.

Bima yenyewe ilikuwa imezua maneno. Mumewe, Hillary, afisa wa kilimo aliyepelekwa Lodwar, alishikilia kwamba bima ni ya magari. Nyumba ya kijijini inalindwa na Mungu na misumari mizuri. Edah hakubishana naye. Alikuwa ameona kanisa moja karibu na Kimilili likiachwa kuta tupu alasiri moja, na waumini wakiimba chini ya jua kwa miezi. Akakata bima kimyakimya, akawa anailipia kwa mauzo ya duka. Sasa zamu yake ilikuwa imefika ya kuonyesha kwamba hakuwa mjinga.

Alipiga simu kwa kampuni. Binti aliyepokea alimwambia mkaguzi atatumwa, na kwamba mabati yaliyong'oka yasitupwe wala kuuzwa kabla hajayaona. Edah alimshukuru, akampigia mzee.

"Papa, mtu asiguse kitu mpaka watu wa bima wafike. Wakikuta kitu kimeguswa hawatalipa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sawa, Mama Nangila," mzee alisema. Alimwita kwa jina la mjukuu wake wa kwanza, kama alivyomwita siku zote.

Mzee Wekoye alikuwa amelinda ghala la ushirika maisha yake yote ya kazi. Aliyempa agizo hakuhitaji kulirudia.

Mkaguzi hakuja upesi. Upepo ule ulikuwa umeezua nyumba nyingi, na barabara zilikuwa tope. Kila alasiri mawingu yalikusanyika upande wa Mlima Elgon na mvua ikashuka. Edah alipopiga simu kuuliza hali, mzee alijibu, "Niko sawa. Nalinda." Edah alidhani analala kwa Dancan. Hakuuliza.

Kisha Dancan akapiga tena, na safari hii sauti yake haikuwa na salamu. "Mama Nangila, huyu mzee ataisha. Mimi na vijana wa kanisa tulileta turubai tufunike nyumba, akatufukuza. Ati wewe umesema mtu asiguse. Usiku analala jikoni kule uani, mchana anakaa hapo ndani kwa kiti, na mvua inamnyeshea. Leo ukuta wa chumba cha kulala umeanguka."

Edah alifunga duka, wateja wakiwa bado mlangoni.

Alipofika Bumula, Dancan alikuwa amekwenda kutafuta gari. Mzee alikuwa peke yake sebuleni, juu yake mbingu tupu, gunia kichwani na fimbo magotini. Matofali mabichi ya chumba cha kulala yalikuwa yamerudi kuwa udongo. Kitanda alichonunua marehemu mama mkwe kilikuwa kimezama nusu katika tope hilo. Kifua cha mzee kilikoroma kama sufuria ya uji.

"Hakuna mtu amegusa," alimwambia Edah. Kisha macho yake yakageuka, fimbo ikaanguka, naye akaanza kuteleza kutoka kitini.

Tangu aolewe katika boma lile, Edah hakuwahi kumpa baba mkwe mkono. Walisalimiana kwa mbali. Alimwekea chakula mezani akatoka, na njiani alimpisha. Kwao ilikuwa mwiko mkamwana na baba mkwe kugusana; ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo mzee alivyomheshimu. Aliangalia njia kama kuna mwanamume anayekuja. Hakukuwa na mtu.

Akapiga magoti kwenye maji na kumshika.

"Wacha," mzee alinong'ona. "Wacha, mama."

"Nisamehe, Papa."

Alimpitishia mikono kwapani, akamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri, na moto kama jiwe la meko. Kichwa cha mzee kilimlalia begani, naye mzee alifumba macho kwa nguvu, si kwa ugonjwa peke yake. Edah alimkokota hivyo hadi barabarani. Huko ndiko Dancan alikowakuta, naye akatazama chini.

Hospitalini Bungoma walisema ni nimonia. Shangazi Roselyne, dada yake mzee, ndiye aliyekaa kando ya kitanda. Edah alikaa kwenye benchi la nje, akamtumia mzee maji na chakula kupitia mikono ya shangazi. Kila daktari alipopita, Edah alisimama. Hakulia. Alihisi kwamba kulia kungekuwa kuomba ahurumiwe.

Mkaguzi alifika mzee akiwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani, amefunikwa blanketi kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa kijana mpole aitwaye Kipngeno. Alipima, akapiga picha, akayageuza mabati moja moja. Dancan alimvuta Edah kando. "Sema ukuta ulianguka siku ile ile ya upepo. Nani atajua?"

Kipngeno alirudi. "Na huu ukuta ulianguka lini?"

"Siku ya upepo," Edah alisema.

"Hapana." Sauti ilitoka jikoni, imekauka lakini haikutetemeka. "Ulianguka baadaye, kwa mvua. Mimi nilikuwa hapo."

Kipngeno aliwatazama wote wawili. Hakuandika kitu. "Kwa nini hamkufunika, mzee?"

"Niliambiwa nisiguse."

"Na nani?"

Mzee aliangalia shamba. Kuku walipita. Edah aliona wazi kwamba hata angeulizwa mpaka jioni, jina lake lisingetoka kinywani mwa yule mzee.

"Ni mimi," alisema. "Niliambiwa mabati yasitupwe. Mimi nikaelewa kila kitu kiachwe. Na hata juu ya ukuta nimekudanganya."

Kipngeno alikaa juu ya gogo. Alieleza polepole, bila kumlaumu. Upepo uko katika bima, kwa hiyo paa litalipwa. Lakini bima inamtaka mwenye nyumba aikinge mali yake kama mtu asiye na bima kabisa: apige picha, aweke mabaki, kisha afunike. Maji yaliyoingia kwa sababu hapakufunikwa si ya upepo tena. "Hata gharama ya turubai tungeirudisha," alisema, kisha akaonekana kujuta kwamba amesema.

Hillary alikuja kutoka Lodwar, akatembea ndani ya nyumba bila kuvua kofia. Edah alimwambia yote.

"Ungeniuliza," Hillary alisema.

"Ungeniambia bima ni ya magari."

Hillary akatoka nje kuhesabu mbao zilizosalia. Siku kadhaa zilizofuata walizungumza mambo ya mbao tu.

Paa liliezekwa. Ukuta waliujenga wenyewe, kidogo kidogo, na kitanda cha mama hakikufaa tena. Kikohozi cha mzee kilipungua lakini hakikwisha; kila mawingu yalipojikusanya kilimrudia. Lile la kushikana, shangazi Roselyne alilimaliza na wazee wa ukoo. Hakuna aliyemlaumu Edah, na bado aliposimama mbele ya mzee hakujua aiweke wapi mikono yake.

Siku moja mzee alimwita. Alikuwa ameketi ndani, naye Edah akasimama nje ya dirisha kama desturi.

"Hiyo karatasi ya bima, uko nayo?"

"Niko nayo, Papa."

"Nisomee. Yote. Na mahali huelewi usipite, tuulize."

Edah aliitoa mkobani. Maandishi yalikuwa madogo, ya Kiingereza kigumu, na alianza kuyageuza kwa Kibukusu, neno kwa neno, akikwama, akirudi. Mzee alimsikiliza macho yakiwa sakafuni. Alipofika kwenye kifungu cha radi, mzee alimwinulia mkono.

"Hapo," alisema. "Wanasema nini juu ya ng'ombe akipigwa na radi?"

Edah alisoma tena mstari ule, kisha uliofuata. "Sioni ng'ombe, Papa."

"Basi mpigie yule kijana," mzee alisema, akaanza kukohoa.