Jina la Tano

Begi lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kwa kamba ya katani, na mume wangu ameketi kando yake katika koti lake la kanisani. Chepchirchir, dada yake, alikuwa jikoni akijaza chupa ya chai ya safari. Gari la kwenda kwao Chebunyo lingepita saa moja. Mimi nilisimama nyuma ya kiti nikimnyooshea kola ambayo haikuwa na shida yoyote.

Ilikuwa Agosti mwaka 1996, na Kimutai alikuwa hajaniambia neno tangu Aprili.

Si kwamba alikuwa bubu. Bubu ningemvumilia. Siku alipoanguka katikati ya majani chai yetu, huku Kabianga, kiharusi kilimpoozesha mkono wa kulia kikamfutia Kiswahili chote kichwani. Kipsigis cha kwao kilimbakia, tena vipande vipande. Na Kiswahili ndicho kilichokuwa nyumba yetu. Mimi ni Mkisii. Tulikutana kwenye shamba kubwa la chai mwaka 1971, yeye nyapara, mimi mchumaji, tukapendana kwa lugha ambayo haikuwa ya mama yake wala ya mama yangu. Mwanzoni nilijaribu Kipsigis. Alicheka matamshi yangu mpaka akashika mbavu, nami kwa kiburi changu nikaapa sitakitamka tena. Kiapo hicho nilikitimiza miaka ishirini na mitano. Sisi wajinga hutimiza viapo vizuri sana.

Dada yake akija, walizungumza. Polepole, kwa kusukumasukuma, lakini walizungumza. Nikiingia mimi na uji, alinitazama, mdomo ukafunguka, ukafungika, kisha yakaja machozi. Nilidhani amenichoka. Nilidhani ugonjwa umemrudisha kwao na kuniacha mimi nje ya ua. Binti yetu Caren alikuwa ameolewa Roret, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, na nilikuwa mpweke kuliko mjane.

Daktari wa mjini, msichana mwenye subira, alinichorea kichwa nyuma ya bahasha.

"Mama, maneno yanapangwa hapa kushoto, na hapa ndipo pameumia. Kwake, lugha ya pili ndiyo imepotea zaidi. Halafu kuna kitu kama breki ya machozi. Hiyo imelegea. Akilia, si lazima awe na huzuni."

"Na mimi?" nikamwuliza. "Mimi niko wapi hapo?"

Akanipa ile bahasha. "Hiyo sijui, Mama."

Nilimpenda kwa kusema ukweli. Bahasha niliikunja nikaitia ndani ya Biblia.

Basi Chepchirchir akasema atamchukua.

"Mama Caren, hapa anaongea na nani?" aliniuliza, bila ubaya wowote. "Kwetu hata watoto watamsikia. Wewe umefanya yako. Kama angekuwa anakujua, si angekuita?"

Hilo la mwisho lilinikata maini. Nililala nalo siku mbili, kisha nikalifunga begi mwenyewe.

Kengele ya shamba ikalia. Si kengele hasa, ni kipande cha reli kinachogongwa kwa nyundo ng'ambo ya bonde, saa kumi na mbili asubuhi, wachumaji wajipange kuitwa majina. Tulikuwa tumeizoea hata hatuisikii. Kimutai akanyoosha mgongo. Akauinua mkono wa kushoto mbele ya kifua, kama aliyeshika kitabu.

"Ajwang," akasema.

Chepchirchir akatoka jikoni na chupa mkononi.

"Kebaso. Elmina. Nyang'au." Sauti ilikuwa ile ya zamani, kavu, ya nyapara asiyependa wachelewaji. Kati ya watu hao wengine walikwisha kufa, wengine walikwisha kurudi makwao. "Sellah Masese."

Lilikuwa jina langu. Tangu Caren azaliwe nilikuwa Mama Caren tu, na Kimutai hakuwahi kuniita Sellah tena. Nilikuwa nimesahau jinsi linavyosikika kinywani mwake.

Akanyamaza, mkono ukiwa bado juu. Wale wanne hawakuitikia, na hakuwangoja. Mimi aliningoja.

"Niko," nikasema.

"Moureen," akaendelea. "Dorcus." Akaita hadi wa mwisho, akaushusha mkono, akarudi katika kimya chake. Chepchirchir aliitua chupa mezani bila kunitazama. Gari lilipopita, lilitupigia honi mara mbili likaenda zake.

Daktari aliniambia baadaye kwamba mambo yaliyorudiwa kwa mpangilio miaka mingi yanaweza kupona hata maneno mengine yakifa. Inawezekana ilikuwa orodha tu. Inawezekana hata kule kuningoja kulikuwa ndani ya orodha, maana mwaka ule wa 1971 nilikuwa mchelewaji mkubwa.

Zaidi ya hilo jina, hakunipa neno jingine. Miaka mitatu niliitwa mara moja kwa siku, nikaitikia, kisha nikaibeba siku nzima peke yangu. Alifariki Novemba 1999.

Reli bado inagongwa. Huwa naketi kwenye kiti chake na kuita kwa niaba yake: Ajwang, Kebaso, Elmina, Nyang'au. Nikifika la tano nangoja kidogo, kisha naenda kwa Moureen.