Kijiko cha Turungi

…ikigeuka nyeusi ni kutu, ikibaki nyekundu ni mimi, ndivyo ilivyo, hakuna la tatu, pamba niliyoilowesha siki na kuipangusa juu ya doa iko kwenye kisahani, kijiko cha turungi, chai isiyo na maziwa, kimejaa mkononi mwangu, na huko juu Gerishon, fundi aliyeezeka paa hili, anagonga mabati, ko, ko, ko, anaziba tundu ambalo halijawahi kuvuja, ametoka Kawangware kwa miguu asubuhi hii kuja Mashimoni kurekebisha kosa lisilo lake, bure, kwa aibu tu, kwa kuwa Habuba Mabrouka aliponiuliza tabaga ya mamake imefanyaje nilijibu, paa, Habuba, paa linavuja, kutu ya mabati imedondoka… na ulimi wangu haukukwama hata kidogo. Habuba, ndivyo Wanubi wa hapa wanavyomwita nyanya, nami Mluhya niliyezaliwa katika chumba chake cha kupangisha nimemwita hivyo tangu nijue kusema, ndiyo maana alinipa mimi ile tabaga, kawa ya ukindu mwekundu na mweupe aliyoisuka mamake, Jumamosi itafunika chakula cha harusi ya mjukuu wangu Ruweida, alisema, Nekoye wetu amesomea kutunza vitu vya zamani, ataisafisha… na chuoni mwalimu alituimbisha kama watoto, pamba iliyolowa kwanza, ukingo uliofichika kwanza, bonyeza, hesabu hadi sitini, tazama kama rangi inatoka, nami sikuhesabu hata hadi tatu, nilimwambia Ruweida hii ni rangi ya mimea, haichuji, nikaitumbukiza nzima kwenye karai, maji yakawa kama yaliyochemshiwa bitiruti, na weupe wote alioupanga yule mama kwa vidole vyake ukanywa wekundu mbele ya macho yangu… "Nekoye, hiyo chai unapima ama unakunywa?" ni Habuba, yuko jikoni, anapepeta mchele, "Pima haraka tumwonyeshe huyo fundi, aache kukana kosa lake," na Gerishon juu anacheka, "Mwambie mathe nikimaliza hapa hata dhambi haitapenya," "Mwambie mimi si mathe yake, agonge anyamaze," anasema Habuba, na hatanii, tayari amewaambia wenye nyumba hadi Laini Saba kwamba huyo fundi ni wa kuharibu, wasimpe kazi, na kipimo hiki ni mimi niliyemtajia, mimi na elimu yangu, nilijigamba kwamba kutu ikionja siki kisha chai hugeuka nyeusi kama wino, sikudhani angesema, basi fanya… ko, ko, kimya, kitu kimeanguka karibu na mguu wangu, msumari wa zamani, mwekundu kwa kutu, umepenya penye mwanya wa mabati, niusugue kwenye pamba ya siki mara moja tu, mara moja, pamba itakuwa nyeusi tii, nitakuwa nimesema kweli, na Jumamosi nitakula pilau… nitakula kilichofunikwa na kawa ile, naye Gerishon atapita barabarani akinisalimu, niaje siz, kwa sababu hatajua, hajui hata sasa, anadhani labda kweli alikosea, hilo ndilo linaloniuma, kwamba amepanda kulitafuta kosa lake mwenyewe na anaziba kila anachokiona… mwalimu alisema kipimo hakimjui mtu, lakini mimi nawajua wote wawili, Habuba na fundi, na jibu ninalo tangu siku ya karai, turungi hii haina la kuniambia. "Imegeuka?" anauliza Habuba, "Bado," nasema, nausukuma msumari kwa kidole cha mguu mpaka nje ya mlango, pamba ni nyekundu, kijiko kimejaa, sijamwaga hata tone, "Bado, Habuba, vaa miwani uje… Gerishon, acha kugonga, shuka, nataka mwone wote wawili."